Vumbi Usiloliona: Kujitengenezea Kifyonza Vumbi cha Bati



Safari hii nimeombwa niandike somo la ufundi ambalo mtu anaweza kulitumia hata akirudi nyumbani, siyo nadharia tupu ya darasani. Nimechagua kifyonza vumbi cha karakana ya seremala, cha kujitengenezea kwa bati. Mpaka sasa nimetengeneza viwili, kimoja Riyadh na kingine Jeddah. Cha kwanza kilinidanganya. Nitaeleza kilivyonidanganya, maana humo ndimo lilimo somo lenyewe.

Riyadh tulikuwa vijana watatu tuliokodi kona ya karakana kule sanaiya, ndivyo wanavyoita hapa maeneo ya magereji na karakana. Siku za mapumziko tukitengeneza makabati ya vitabu na meza zetu wenyewe. Baada ya saa moja ya msumeno sakafu ilikuwa haionekani kwa maranda. Nikasema jamani, injinia mzima nafagia kila dakika kumi? Nikachora, tukatafuta fundi bati, na baada ya wiki tatu mashine ikasimama. Sakafu ikawa safi kabisa. Nikapiga picha, nikaisambaza kila mahali, na ndipo picha ikamfikia mzee mmoja wa Kizanzibari aliyeko Jeddah, seremala wa siku nyingi anayetengeneza madirisha na roshani za mbao za nyumba za kale. Akanipigia: "Mwanangu, hiyo mashine yako nami naitaka. Kifua kinanisumbua."

Tutarudi kwa Mzee. Kwanza tuelewane kuhusu vumbi lenyewe.

VUMBI LIPI LINADHURU?

Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi (maikroni 1,000 ndiyo milimita moja). Maranda ya randa na unga mnene wa msumeno ni mkubwa kuliko hapo. Huo unauona, unakuingia machoni, unatema, unapiga chafya, unatoka. Vumbi lililo chini ya maikroni 10 ni jambo jingine. Linaelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na lile la maikroni 2.5 kushuka chini linafika ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo kukohoa hakulitoi.

Hili si suala la mafua tu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yaliyo karibu nayo. Mwaka 2004 fomaldihaidi, kemikali inayopatikana kwenye gundi ya mbao za MDF, nayo ikaingizwa kundi hilo hilo. Uingereza ilikuwa ikiruhusu miligramu 5 za vumbi la mbao ngumu katika mita moja ya ujazo ya hewa; mwaka 2020 ikashusha hadi 3. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2023, kikomo ni miligramu 2.

Hebu tupige hesabu tuone miligramu 2 ni kitu gani. Karakana ya mita 5 kwa 8, yenye kimo cha mita 3, ina hewa ya mita 120 za ujazo. Mara 2, unapata miligramu 240. Yaani robo gramu tu ya unga laini, ikielea sawasawa, inatosha kuifikisha karakana nzima kwenye kikomo hicho. Robo gramu haijazi hata ncha ya kijiko. Sasa fikiria mashine ya msasa inatoa nini kwa saa moja.

KIMBUNGA KINAVYOFANYA KAZI

Mashine yetu mafundi wanaiita kimbunga, na jina linafaa. Ni pipa refu la bati lenye koni chini. Hewa yenye vumbi inaingia juu kwa ubavuni, ikiusugua ukuta wa ndani, inazunguka huku ikishuka. Kila aliyepanda daladala iliyojaa anajua kona kali inavyomfanya abiria: basi linakata kulia, wewe unabanwa ukutani kushoto. Chembe nzito za vumbi nazo zinabanwa ukutani hivyo hivyo, zinapoteza mwendo, zinateleza kwenye koni hadi kwenye pipa la chini. Hewa iliyobaki inageuka katikati, inapanda juu kupitia bomba la kati, inavutwa na feni.

Ufundi huu si mpya. Vinu vya nafaka vya Marekani vilikuwa navyo tangu miaka ya 1880. Mwingereza James Dyson naye, kabla ya kutajirika kwa vifyonza vumbi vya nyumbani, alijijengea kimbunga kikubwa cha bati kwa ajili ya unga wa rangi kiwandani kwake, halafu akajaribu mifano 5,127 mpaka akapata cha kuingia ndani ya mashine ndogo. Kwa hiyo wa kwanza ukikuharibikia usikate tamaa, una nafasi nyingine 5,126.

VIPIMO

Nilitumia uwiano wa Lapple, mhandisi wa Marekani, unaofundishwa kwenye vitabu vya uhandisi tangu miaka ya 1950. Uzuri wake ni kwamba kila kipimo kinatokana na kipenyo cha mwili. Mimi nilichagua kipenyo cha sentimita 40:

- Mwili wa mviringo: kipenyo sm 40, urefu sm 80.
- Koni: urefu wa wima sm 80.
- Mlango wa hewa: mstatili, kimo sm 20, upana sm 10.
- Bomba la kati: kipenyo sm 20, liingie ndani ya mwili sm 25.
- Tundu la chini: uwiano unasema sm 10, lakini maranda marefu ya randa yanaziba hapo. Mimi niliweka sm 15.

Angalia bomba la kati. Linapaswa kushuka chini kuliko mlango wa hewa (sm 25 dhidi ya sm 20). Likiwa fupi, hewa inakata njia ya mkato kutoka mlangoni hadi fenini bila kuzunguka, na vumbi linakwenda nayo.

Hewa niliyolenga ni mita 0.3 za ujazo kwa sekunde, sawa na 1,080 kwa saa. Mlango una eneo la mita 0.02 za mraba, kwa hiyo hewa inaingia kwa mita 15 kwa sekunde. Bomba kuu la kutoka kwenye misumeno ni la sm 15, ambamo hewa inakwenda mita 17 kwa sekunde. Usiende chini ya hapo. Kwenye bomba la kulala, vumbi la mbao linahitaji mita 17 hadi 20 kwa sekunde, vinginevyo linatua njiani na kuziba.

KUKATA NA KUUNGA

Nunua bati bapa la geji 22, unene karibu milimita 0.8, lililopakwa zinki. Usitumie geji 30 ya kuezekea. Mvuto wa feni utalikunja kama kopo la soda. Mabati mawili ya futi 4 kwa 8 yanatosha na mengine yanabaki.

Mwili ni kazi rahisi: kata kipande cha sm 125.7 kwa 80, ongeza sm 2 za kupandiana, kunja.

Koni ndiyo inayowasumbua wengi, kumbe inahitaji kamba, msumari na kalamu tu. Urefu wa mshazari wa koni yetu ni sm 81. Piga msumari sakafuni, nje ya bati. Funga kamba, chora tao la kwanza kwa nusu kipenyo cha sm 129.6, halafu tao la pili la sm 48.6 kutoka msumari ule ule. Pima pembe ya nyuzi 55.6 kwenye msumari, chora mistari miwili, ongeza sm 2 za kupandiana upande mmoja. Kata kwa mkasi wa bati. Ukikunja, juu utapata sm 40 na chini sm 15. Fundi bati wetu wa sanaiya hakutumia hesabu hata moja. Aliitazama michoro yangu, akatikisa kichwa, akachora kwa jicho na kamba, na tulipopima tukakuta ametofautiana nami milimita 3. Mafundi wa Kamukunji na Gerezani wangefanya hivyo hivyo.

Kuunga, tumia ribiti kila baada ya sm 4 au 5, halafu ziba kwa risasi ya kulehemu au silikoni. Usichomee kwa umeme bati lenye zinki ndani ya chumba. Moshi wake mweupe unaleta homa kali na kutetemeka usiku ule ule. Ribiti ziingizwe kutoka ndani kwenda nje, ili vichwa laini vibaki ndani. Kila kinachochomoza ndani kinavuruga mzunguko.

Halafu pipa la chini. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Pipa lazima lizibe kabisa, kwa gasketi ya mpira na vibanio. Feni inavuta, kwa hiyo tundu dogo kwenye mfuniko wa pipa linaingiza hewa kutoka chini, na hewa hiyo inapanda juu katikati ya koni ikilirudisha vumbi lililokwishatua. Ukiona kimbunga kinatapika maranda kwenye feni, kabla hujalaumu hesabu, kagua mfuniko. Na pipa lisijae zaidi ya theluthi mbili.

Mwisho, umeme tuli na moto. Riyadh hewa ni kavu mno, wakati wa baridi ukigusa kitasa cha mlango unapigwa. Vumbi likisugua bati linafanya vivyo hivyo. Unganisha mwili, pipa na mabomba kwa waya wa shaba hadi kwenye ethi. Jeddah hewa ni ya chumvi na unyevunyevu, kwa hiyo adui wa kule ni kutu: paka rangi kila ulipokata, maana ukingo uliokatwa hauna zinki. Na popote ulipo, usifyonze cheche za grainda ya chuma kwenye pipa lenye unga wa mbao. Unga laini ukielea hewani unaweza kulipuka, uwe wa mbao, nafaka au sukari. Februari 2008, huko Georgia, Marekani, vumbi la sukari lililipuka kiwandani likaua watu 14.

FENI NA MOTA

Feni ikae baada ya kimbunga, siyo kabla, ili vipande vya mbao na misumari visigonge pangaboi. Yetu ilikuwa na pangaboi la chuma la sm 30 kwenye mota ya kilowati 1.5 inayozunguka mara 3,450 kwa dakika. Ncha ya pangaboi inakwenda mita 54 kwa sekunde, karibu kilomita 195 kwa saa. Kwa hiyo usijitengenezee pangaboi la mbao au la bati lisilosawazishwa. Nunua lililotengenezwa kiwandani na ulifunike vizuri. Bati tujitengenezee, pangaboi tununue.

NILIVYODANGANYIKA

Sasa turudi Jeddah. Nilipanda basi na michoro yangu. Mzee alinipokea karakanani kwake, karibu na Al-Balad, ule mji mkongwe ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014. Ukipita mle utadhani uko Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, nyumba za mawe ya matumbawe na mbao zilizochongwa. Hata neno ni lile lile, wao wanasema rawshan, sisi tunasema roshani. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." "Marahaba mwanangu. Ndiye injinia?" Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu, mpaka akashika ukingo wa meza.

Tukajenga kama kile cha Riyadh, kipimo kwa kipimo. Feni ikawa inatoa hewa kupitia mfuko wa kitambaa uliotundikwa mle mle ndani, kama tulivyofanya Riyadh. Sababu ilikuwa kiyoyozi. Jeddah joto ni joto, nani atake kutoa nje hewa iliyopozwa kwa fedha? Tukawasha. Maranda yakapotea. Mzee akafurahi, nikarudi Riyadh na sifa zangu.

Wiki mbili baadaye akapiga simu. "Mwanangu, sakafu iko safi. Kifua ni kile kile. Njoo uone kitu."

Nilipofika hakunieleza neno. Alisubiri jua la asubuhi lipande, akafunga mlango, akazima taa, akawasha mashine na kupitisha ubao mmoja wa MDF kwenye msumeno. Mwanga ukaingia kwa mistari kupitia roshani moja aliyokuwa anaitengeneza, na ndani ya kila mstari nikaona moshi. Haukuwa moshi. Lilikuwa vumbi linalotoka kwenye kile kimfuko changu, laini kama buhuri, linazunguka chumba kizima, linarudi kwake. "Mie naliona hili kila siku," akasema. "Nilidhani ndivyo linavyotakiwa liwe, maana umesoma wewe."

Neno hilo liliniingia. Usiku ule nikakaa na kufanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kukata bati hata moja. Kwa vipimo vyetu, chembe ambazo kimbunga kinakamata nusu na kuachia nusu ni za maikroni 5.4. Nilichukua kwamba sentimita moja ya ujazo ya chembe ina uzito wa gramu 1. Mbao nyepesi matokeo yake ni mabaya zaidi. Kutokana na hapo, katika kila chembe 100:

- za maikroni 50, kinakamata 99;
- za maikroni 20, kinakamata 93;
- za maikroni 10, kinakamata 77;
- za maikroni 5, kinakamata 46;
- za maikroni 2.5, kinakamata 17 au 18;
- za maikroni 1, kinakamata 3.

Na hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, kimbunga kisicho na tundu wala kovu. Soma tena mistari miwili ya mwisho. Vumbi linaloua ndilo kinaloliachia.

Mbona basi pipa lilijaa tukafurahi? Kwa sababu chembe moja ya maikroni 50 ina uzito sawa na chembe 125,000 za maikroni 1. Ukipima kwa mizani au kwa jicho, utaona umekamata karibu kila kitu. Ukipima kwa idadi ya chembe zinazoingia kifuani, hujakamata kitu. Mbaya zaidi, kabla ya mashine, unga ulikuwa unaanguka chini na kukaa. Sasa feni yangu ilikuwa inauchuja, inachukua ule mnene usio na madhara makubwa, na ule laini inaurusha usoni kwa mzee wa watu.

TULIVYOREKEBISHA

Kuna njia mbili tu: hewa itoke nje, au ipite kwenye chujio la kweli.

Kutoa nje ni bora, lakini tuwe wakweli kuhusu gharama yake hapa Saudia. Mita 0.3 za ujazo kwa sekunde ikitoka, nyingine ya nje inaingia. Ikiwa nje ni nyuzi 45 na ndani unataka 27, kuipoza hewa hiyo kunahitaji karibu kilowati 5.7 za ubaridi. Kiyoyozi cha tani moja na nusu kinatoa 5.3. Yaani mashine inakula kiyoyozi kizima na bado ina njaa, na Jeddah unyevunyevu unaongeza mzigo. Ndiyo maana kila mtu anashawishika kuirudisha hewa ndani.

Chujio nalo lina masharti. Mfuko wangu ulikuwa na kitambaa cha mita 1.5 za mraba. Hewa ilikuwa inapenya kwa sentimita 20 kila sekunde, inasukuma vumbi laini kupitia nyuzi. Ukitumia machujio ya karatasi iliyokunjwakunjwa, kama yale ya hewa ya malori, ukapata jumla ya mita 10 za mraba, mwendo unashuka hadi sentimita 3. Hapo vumbi linabaki.

Kwa Mzee tulifanya yote mawili. Tuligawa karakana kwa ukuta mwepesi. Misumeno na msasa vikakaa upande usio na kiyoyozi, na kazi za kukata zikahamishiwa asubuhi na mapema. Kuchonga na kuunga kukabaki upande wa baridi. Feni ikahamishiwa nje chini ya kivuli, machujio yakafungwa kwenye sanduku la bati baada yake ili majirani wasile vumbi letu, na hewa ikatolewa juu ya paa. Wakati wa kumwaga pipa anavaa barakoa ya N95, kwa sababu dakika tano za kumwaga zinaweza kuharibu kazi ya siku nzima.

Tukarudia mtihani wa mwanga. Mstari wa jua ukapita safi, isipokuwa punje mbili tatu. Mzee akakaa kwenye kiti, akautazama muda mrefu. Siwezi kuwadanganya kwamba kifua kimepona. Daktari alimwambia kilichoharibika hakirudi, kinazuiwa kisiendelee. Usiku halali ameketi tena, anasema. Na kijana anayejifunza kazi kwake ana miaka 19, mapafu yake bado mazima.

Vijana wa Riyadh niliwapigia siku ile ile. Mfuko ule tuliutoa.

UKIRUDI NYUMBANI: BATI HALIJUI HEZI

Wengi wetu tunatuma vitu kwa kontena. Sikiliza hili kabla hujatuma. Umeme wa Saudia ni wa hezi 60, wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50. Hata majirani wa Ghuba ni hezi 50, ndiyo maana gridi yao imeunganishwa na ya Saudia kupitia kituo maalumu cha Al-Fadhili, chenye uwezo wa megawati 1,800, kilichoanza kazi mwaka 2009.

Mota iliyozunguka mara 3,450 Riyadh itazunguka 2,870 hivi Dar. Kanuni za feni zinasema: hewa inashuka kwa uwiano wa mwendo, inabaki asilimia 83, mvuto kwa mraba wake, unabaki asilimia 69. Hewa yetu ya 0.3 inakuwa 0.25, na kwenye bomba la sm 15 mwendo unashuka hadi mita 14 kwa sekunde. Vumbi linaanza kutua njiani, na fundi wa Keko atasema mashine ya Uarabuni ni mbovu. Tena mota iliyoandikwa hezi 60 peke yake itapata joto la kupita kiasi kwenye hezi 50. Angalia kibati chake, kiandikwe 50/60.

Ushauri wangu: tuma koni na mwili, au tuma michoro tu, maana bati halijui hezi. Mota na feni nunua kule kule, na pangaboi liwe la sm 36 badala ya 30. Hapo ncha yake inarudi kwenye mwendo ule ule wa mita 54 kwa sekunde. Feni ya mkanda ni rahisi zaidi, badilisha puli tu, uwiano wa 6 kwa 5.

Ukigeuza, ukaleta Saudia mashine ya hezi 50, mambo ni kinyume: inazunguka kwa kasi zaidi na nguvu inayohitajika inapanda kwa asilimia 73. Mota itaungua.

KUPIMA BILA MAABARA

Chukua ule mpira wa uwazi ambao mafundi wa nyumbani wanapimia levo ya ukuta. Ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi, ncha moja ichomeke kwenye tundu dogo kabla ya feni. Kila sentimita ya tofauti ya maji ni paskali 98. Kimbunga chetu chenyewe kinakula karibu paskali 1,000, yaani sm 10. Pamoja na mabomba utasoma zaidi ya hapo. Andika namba hiyo ukutani siku ya kwanza. Halafu weka mpira mwingine, ncha moja kabla ya machujio na nyingine baada yake. Tofauti ikipanda mara mbili, machujio yameziba.

Na kipimo cha pili hakihitaji hata maji. Zima taa, washa mashine, kata ubao, piga tochi au subiri mwanga wa dirishani. Kama kuna moshi kwenye mwanga, kazi haijaisha, hata sakafu ikiwa safi namna gani.

Mwenye swali au anayetaka michoro anione baada ya kikao cha jumuiya. Mwenye fundi seremala nyumbani, awe baba, mjomba au kaka, ampigie wiki hii amuulize kitu kimoja tu: hewa ya mashine yako inatokea wapi?

Wabillahi tawfiq. Tukutane toleo lijalo.